Unga wa lishe kwa nyumba yenye mtu wa mzio: pakiti, ndoo na mashine ya kusaga

Unga wa lishe una sifa moja ambayo wauzaji wote huitaja kwa fahari: umechanganywa. Nafaka saba, nafaka kumi, wengine wamefika kumi na mbili. Nyumba ambayo kila mtu anakula kila kitu italipima hilo kwa ladha na bei. Nyumba yenye mtoto anayevimba midomo akila karanga itaona kasoro palepale, maana kikishasagwa pamoja hakichambuliki tena.

Tunazipima hapa bidhaa tatu zinazouzwa kwa jina hilo moja: pakiti ya kiwandani, pakiti ya mjasiriamali wa mtaani au wa mtandaoni, na unga wa kupima unaochotwa kwenye ndoo sokoni. Ya nne ni huduma ya kusagiwa mashineni. Wengi huikimbilia wakiamini ndiyo salama kuliko zote, na si kweli. Majina ya kampuni hatutaji, kwa kuwa kasoro nyingi zimo katika aina ya bidhaa yenyewe kuliko kwa mtengenezaji fulani.

Tuanze na kilichomo. Mchanganyiko wa kawaida Tanzania ni mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya na karanga. Wa bei ya juu huongezwa korosho, lozi, ufuta, mbegu za maboga, maziwa ya unga, pengine na dagaa. Kenya utakuta wimbi, mtama, muhogo, mbegu za mchicha, soya, njugu na omena. Sasa chukua orodha ya Codex, tume ya FAO na WHO ya viwango vya chakula, kama ilivyotumika kwa miaka mingi, yenye makundi manane ya vyakula vinavyosababisha mzio zaidi: nafaka zenye gluteni (protini iliyomo kwenye ngano na shayiri), kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, na jamii ya korosho na lozi. Pakiti moja ya lishe ya bei ya juu inaweza kubeba makundi sita kati ya manane. Yaliyobaki nje ni mayai na kamba. Ufuta haukuwamo katika orodha hiyo, lakini Marekani imeufanya wa lazima kutajwa kwenye lebo tangu Januari 2023, na mwenye mzio wake anajua kwa nini.

Kiasi nacho kina maana. Kikombe kikubwa cha uji hutumia kama gramu 40 za unga, yaani vijiko vinne vya chakula vilivyojaa. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya unga ni karanga, kikombe hicho kina gramu 4 za karanga, na kwa kuwa robo ya karanga ni protini, mnywaji anameza gramu moja ya protini ya karanga. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilipendekeza kipimo cha miligramu 2 za protini hiyo; chini ya hapo walio wengi kati ya wenye mzio wa karanga hawapati dalili. Gramu moja ni mara 500 ya hapo. Usiusahau mpaka huo wa miligramu 2, tutauhitaji tukifika mashineni.

Pakiti ya kiwandani

Inazishinda nyingine kwa jambo moja kubwa: ina orodha. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka viambato viorodheshwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo karanga ikiwa ya tatu baada ya mahindi na ulezi, ujue haikutiwa kwa ajili ya kunogesha tu. Ikiwa ya mwisho, baada ya sukari na madini, ni kidogo, ingawa kwa mwenye mzio kidogo hicho kinatosha kumlaza hospitali.

Upande wa mbele wa pakiti usiupotezee muda. Picha ya masuke na mtoto mnene haitaji viambato. Maneno "asilia" na "haina kemikali" hayahusiani na mzio. Karanga ni asilia kuliko hata pakiti yenyewe. Alama ya ubora ya TBS au ya KEBS ni ya kutafutwa, kwani inaonyesha bidhaa imepimwa dhidi ya kiwango chake, lakini unga wenye karanga nao hupewa alama hiyo kihalali kabisa.

Geuza nyuma. Soma orodha nzima kisha tafuta sentensi ya tahadhari, ile isemayo bidhaa imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia pia karanga, soya au maziwa. Wasomaji wengi hukosea hapa. Sentensi hiyo kwa kawaida ni ya hiari. Ikiwepo, iamini na uache pakiti. Isipokuwepo, hujathibitishiwa chochote: huenda mistari ya kusaga imetenganishwa, huenda mtengenezaji hakufikiria kuiandika. Unga wa ulezi mtupu wa kampuni ambayo pia inauza lishe yenye karanga ni wa kuulizia kwa simu kabla ya kuununua, na swali liwe moja tu: je, vinapita mashine moja?

Ndugu zetu walio Ulaya wana mtego wao. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, vyakula 14 vinavyoleta mzio lazima vikolezwe ndani ya orodha ya viambato, kwa kawaida kwa herufi nene, na Uingereza imeendelea na utaratibu huo. Jicho likizoea, huacha kusoma. Hutafuta herufi nene tu. Pakiti iliyotoka Dar es Salaam au Nairobi ndani ya begi la mgeni inaweza kuwa na karanga katikati ya orodha kwa herufi za kawaida, na jicho hilo likapita bila kuiona.

Jambo la mwisho kuhusu pakiti: zisome kila unaponunua. Mtengenezaji hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha picha, hasa bei ya soya au karanga inapopanda au kushuka.

Hukumu: inafaa kwa nyumba isiyo na mzio, na inafaa kwa mwenye mzio wa kitu ambacho hakimo kwenye orodha wala kwenye tahadhari. Mwenye mzio mkali wa karanga asinunue aina yoyote iliyoandikwa lishe mpaka apate jibu la ile simu.

Pakiti ya mjasiriamali

Mara nyingi unga wake unanukia vizuri kuliko wa kiwandani, kwa sababu umesagwa juzi na karanga hazijaanza kuchacha. Tatizo liko kwenye karatasi iliyobandikwa. Ukikuta "Viambato: mahindi, ulezi, soya, karanga n.k.", rudisha pakiti. Herufi hizo mbili ndizo za hatari kuliko neno lolote lililoandikwa kwa ukamilifu, kwa kuwa ndani ya "n.k." panatosha korosho, ufuta na dagaa. "Nafaka 12" bila kuzitaja ni kasoro ileile. Na pakiti ikisema "njugu" tu, uliza kama ni karanga au njugu mawe.

Faida yake ni kwamba mtengenezaji unampata. Muulize: Unasagia mashine yako au ya mtaani? Kuna mchanganyiko gani mwingine unaopita humo? Beseni la kuchanganyia na chekecheo hutumika kwa unga wote au kila unga una vyake? Mama au dada anayejua kazi yake atajibu bila kusitasita, na wapo wanaojibu vizuri sana. Majibu mawili yakufanye ushukuru na kuondoka. La kwanza ni "kidogo tu hakidhuru". La pili ni "karanga nazikaanga vizuri kabisa". Moto hauondoi mzio wa karanga. Protini zake kuu zinastahimili joto, na kukaanga kavu kunaweza hata kuzifanya kali zaidi.

Oda ya "nitolee karanga" nayo si suluhisho kama inavyosikika. Atazitoa kweli. Lakini mahindi yako yatakaa kwenye beseni lile, yatapita mashine ile na chekecheo kile, na kijiko cha kujazia pakiti ni kilekile cha jana.

Tukiwa kwa wajasiriamali, soya inahitaji aya yake. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa, na asiyeichemsha au kuikaanga vya kutosha kabla ya kusaga humpa mnywaji gesi, tumbo kukata na pengine kuharisha. Watu huuita mzio wa soya. Ni soya ambayo haikuiva. Njia sahihi ni kuzichemsha kama dakika 20 hadi 30, kuondoa maganda, kuzianika zikauke kabisa, ndipo zisagwe. Unga wenye harufu ya maharage mabichi hata baada ya uji kuchemka umetengenezwa na mtu aliyeruka hatua hiyo.

Unga wa ndoo

Hapana. Hauna orodha, kopo moja huchota kila ndoo, na muuzaji mwenyewe hajui aliyemletea alichanganya nini.

Kusagiwa mashineni

Hapa ndipo penye mengi. Mtu ananunua ulezi wake safi, anauchambua, anauosha, anauanika, anaupeleka kusagwa na kurudi nyumbani ameridhika. Kila kitu kilikuwa sawa hadi mlangoni pa mashine.

Mashine ya nyundo, ambayo ndiyo ipo karibu kila mtaa, ina sehemu nne zinazobaki na unga: mdomo wa kumiminia, chumba cha nyundo, chujio la chuma linalozunguka nyundo, na mfuko mrefu wa kitambaa unaopokea unga na kutoa upepo. Mahindi makavu hupita na kuacha vumbi. Karanga ni karibu nusu mafuta. Ndiyo maana fundi hakubali uzisage peke yake, hugeuka uji mzito na kuziba matundu, na ndiyo maana husagwa zikiwa zimechanganywa na nafaka. Hata zikichanganywa, mafuta hushikilia unga kwenye chujio na kwenye nyuzi za kitambaa, na mzigo unaofuata huubandua taratibu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kimebaki kijiko kimoja cha chakula, gramu 10, cha lishe yenye sehemu moja ya kumi ya karanga. Ndani yake kuna gramu 1 ya karanga, sawa na miligramu 250 za protini. Kikichanganyika sawasawa na kilo moja ya ulezi wako, kila kikombe cha gramu 40 kitakuwa na miligramu 10. Mpaka tuliosema ni 2. Hiyo ni kwa kijiko kimoja, na mfuko wa kitambaa ambao haujakung'utwa una zaidi ya hapo. Tena unga hauchanganyiki sawasawa: kilichobaki hutoka zaidi mwanzoni, kwa hiyo kikombe cha kwanza kutoka kwenye konzi ya kwanza ndicho kibaya zaidi.

Wanaolazimika kutumia mashine wanaweza kupunguza hatari. Nenda asubuhi, uwe wa kwanza, kabla mizigo ya lishe haijaanza. Mwombe fundi azime umeme kwanza, afungue chumba, apige brashi nyundo na chujio pande zote mbili, akung'ute mfuko nje. Kisha pitisha kilo mbili za mahindi ambazo hutazila. Ziwe za kuku. Ndipo umimine zako, na konzi za kwanza uzitenge na zile za kuku. Fundi atanung'unika, na ana haki, kazi hiyo inamchelewesha. Mlipe muda wake.

Hata hivyo utaratibu huo wote unapunguza tu. Unamfaa mtu asiyepatana na chakula fulani kwa tumbo kujaa. Haumfai aliyewahi kuvimba koo au kushindwa kupumua, na haumfai mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye ngano kidogo kila siku inamuumiza utumbo hata asipohisi kitu.

Kinachofaa badala yake

Nunua nafaka nzima, si unga, kisha saga nyumbani kwa kinu kidogo cha mkono au cha umeme ambacho hakijawahi kuonja karanga. Blenda yenye kikombe cha kusagia vitu vikavu inatosha kwa matumizi ya wiki: jaza nusu tu, saga sekunde 30, pumzisha injini, rudia, chekecha, kinachobaki kirudishe. Ulezi husagika haraka. Mahindi makavu huchosha blenda ndogo, afadhali mchele.

Wala huhitaji nafaka kumi. Mahindi, mchele, mtama, uwele na ulezi zote ni kundi moja la chakula. Kuzirundika tano hakumpi mtoto lishe mara tano. Sehemu tatu za nafaka moja na sehemu moja ya kunde ni mchanganyiko mzuri. Mfano: ulezi gramu 600 na choroko gramu 200. Chambua choroko jiwe kwa jiwe, osha, anika, kaanga kwa moto mdogo hadi zinukie, poza, saga. Koroga unga kwanza kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, uache uchemke si chini ya dakika 20 ili choroko ziive. Wengi wenye mzio wa karanga hula choroko na maharage bila shida ingawa ni jamii moja, lakini wapo wasioweza, na daktari ndiye wa kuthibitisha kabla hujajaribu jikoni.

Utamu wa karanga unaokosekana unafidiwa na tui la nazi. Anayekimbia maziwa naye atumie tui hilohilo. Mbegu za maboga zinafaa pia, mradi hukuzinunua kwa muuzaji anayezipima kwa kopo la karanga. Na kwa asiyeruhusiwa gluteni, ulezi, mtama, uwele, mahindi, mchele na muhogo vyote ni salama kwa asili. Ngano na shayiri si salama.

Watoto wachanga, na kosa la upande wa pili

Kuna wazazi wasio na tatizo lolote nyumbani ambao, wakisikia habari za mzio, huondoa karanga kwenye chakula cha mtoto mpaka aanze shule. Utafiti uitwao LEAP, uliochapishwa 2015 na kuhusisha watoto 640 wa Uingereza waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai, ulionyesha kinyume: walioanzishiwa karanga kati ya miezi 4 na 11 walipata mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 walipofika miaka mitano, wakilinganishwa na walionyimwa.

Kwa hiyo karanga si adui wa kila mtoto. Unga wa lishe wa kununua, hata hivyo, ni njia mbaya ya kumtambulisha. Unampa vyakula vinane kwa mara ya kwanza siku moja, na akitoka vipele hujui umlaumu nani. Baada ya miezi sita, anza na uji wa nafaka moja. Siku nyingine, mtoto akiwa mzima, asubuhi, koroga siagi ya karanga laini kwenye uji huo, mwonjeshe ncha ya kijiko, subiri dakika 10, kisha mpe kilichobaki na umwangalie kwa saa mbili. Karanga nzima asipewe, zitamkaba. Mwenye ukurutu mkali au ambaye mayai yamekwisha kumdhuru aonwe na daktari kwanza.

Dalili za haraka huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, sauti kukauka, kupumua kwa shida, mtoto kulegea. Ipo pia sura nyingine isiyojulikana sana kwa wachanga: kutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya uji wa mchele, soya au maziwa, akipauka na kulegea bila kipele hata kimoja. Ikitokea zaidi ya mara moja kwa chakula kilekile, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa saa na kwa jina la chakula.

Dawa za mzio za vidonge hutuliza muwasho. Hazifungui njia ya hewa. Kwa anayepumua kwa shida au kulegea, dawa ni adrenalini, sindano kwenye msuli wa paja, na imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mwenye mzio mkali aulizie leo, si siku ya tukio, kama zahanati ya karibu inayo na kama iko wazi usiku.

Jikoni

Sabuni na maji huondoa mabaki ya karanga mikononi na kwenye vyombo vya chuma. Maji matupu hayatoshi, wala dawa ya kutakasa mikono haitoshi, kwani inaua vijidudu na kuacha protini ilipo. Kinu cha mti kilichotwangiwa karanga kimeshanywa mafuta, hakioshiki. Mwenye mzio awe na kinu chake na mchi wake. Mwiko wa mbao wenye nyufa vilevile. Kwenye blenda, toa mpira ulio chini ya visu uuoshe peke yake, hapo ndipo unga hujificha. Unga wa mwenye mzio ukae rafu ya juu na wa wengine rafu ya chini, ili unaomwagika usimwagikie wake.

Chupa ya uji ya shule ina mpira kwenye kifuniko. Kama mpira huo hautoki, nunua chupa nyingine na uiandike jina la mtoto, kwa maana chupa za darasani hubadilishana wenyewe kabla ya saa nne.